Mistari Myeupe ya Ndege Juu ya Unyamwezi

Katika miezi ya kiangazi, mawingu yakiwa yameondoka, watu wa Tabora huona mara kwa mara ndege ikipita juu mno, ndogo kama sindano, nayo imeacha nyuma yake mstari mweupe. Siku nyingine mstari huo ni mfupi, huifuata ndege kama mkia na kutoweka papo hapo. Siku nyingine hukaa, ukapanuka, ukapindwa na upepo, mwisho usijue tena kama ni mstari au ni wingu. Na mara nyingi ndege hupita bila mstari wo wote, ukaisikia sauti tu.

Maelezo ya jambo hili ni mengi mitaani na hata mabwenini. Wako wasemao ni moshi. Wako wasemao ndege inamwaga dawa. Na mvua zikichelewa mwezi wa Novemba, hamkosi mtu asemaye kwamba mistari hiyo ndiyo inayofukuza mvua. Swali la mvua si la mchezo kwa mzazi aliyekwisha lima shamba la mahindi au kuotesha miche ya tumbaku. Kwa hiyo halifai kujibiwa kwa kicheko. Tutalijibu kwa hesabu. Lakini kwanza yatupasa kujua kitu chenyewe ni nini, nacho tukipe jina: tukiite utepe wa ndege.

Tazama birika linalochemka jikoni. Karibu kabisa na mdomo wa birika huoni kitu. Weupe huanza mbele kidogo. Pale pasipoonekana kitu ndipo penye mvuke wenyewe, maana mvuke hauonekani kwa macho. Ule weupe ni vitone vidogo vya maji, mvuke uliokwisha kupoa. Sasa itazame ndege: nyuma ya injini pana nafasi tupu, kisha ndipo utepe unapoanza. Sababu ni ile ile. Mafuta ya ndege za jeti ni ndugu wa mafuta ya taa. Ndani yake mna haidrojeni, nayo ikiungua hushikana na oksijeni ya hewa na kuwa maji. Kilo 1 ya mafuta hutoa mvuke wa maji upatao kilo moja na robo. Mvuke huo hutoka ukiwa wa moto sana, hukutana na baridi kali, hushika chembe ndogo za masizi zilizotoka pamoja nao, huwa vitone, na vitone huganda mara kuwa barafu. Basi utepe si moshi, ni wingu la barafu. Nao ni wa ukoo mmoja na yale mawingu membamba ya juu sana ambayo katika somo la jiografia twayaita sirasi.

Lakini kwa nini ndege moja iwe na utepe na nyingine isiwe nao? Swali hili liliwasumbua sana marubani wa Vita Kuu ya Pili, kwa sababu ndege ya vita iliyoacha utepe ilijionyesha kwa adui toka mbali. Mwaka 1941 Mjerumani Ernst Schmidt alieleza kanuni yake, na mwaka 1953 Mmarekani Herbert Appleman akaitengeneza vizuri zaidi ili watabiri wa hali ya hewa waweze kuitumia. Kwa ufupi, kanuni yasema kwamba utepe hauwezi kutokea mpaka hewa ya nje iwe na baridi ya kutosha, yaani kama nyuzi 40 chini ya sifuri au zaidi. Na hewa ikiwa kavu, baridi hiyo yapasa izidi.

Haya, tuhesabu ya kwetu. Tabora iko mita 1,200 hivi juu ya bahari, na joto lake la wastani kwa mwaka ni nyuzi 23 hivi. Kila tupandapo kilomita 1 joto hupungua kwa kadiri ya nyuzi 6 na nusu. Ndege za rafadha, hizo waziitazo za pangaboi, haziruki juu sana. Katika kilomita 7 na nusu juu ya bahari twapata nyuzi 18 chini ya sifuri. Hapo utepe hauwezekani kabisa, hata rubani atake asitake. Katika kilomita 10 twapata nyuzi 34 chini ya sifuri: bado. Katika kilomita 11 twapata 41: hapo ndipo mpakani. Katika kilomita 12 hesabu yetu yatupa 47, na hali halisi kwa kawaida huwa baridi zaidi ya hapo, kwa sababu huko juu joto hupungua upesi zaidi. Kwa hiyo juu ya Tabora tofauti ya kilomita 1 tu yatosha kuamua kama ndege itaandika mbinguni au itapita kimya. Na ndege za safari ndefu huanza zikiwa nzito kwa mafuta, zikaruka chini kidogo. Kadiri mafuta yapunguavyo ndivyo zinavyopanda. Ndiyo maana ndege mbili za aina moja kabisa zaweza kupita siku moja, hii ina utepe na ile haina.

Ulaya wakati wa baridi mambo ni mengine. Huko nyuzi 40 chini ya sifuri hupatikana katika kilomita 8 hivi, na karibu kila jeti iliyofika njiani mwake imekwisha kuivuka. Mtu aweza kudhani basi kwamba hewa ya juu ya nchi zetu ni ya joto siku zote. Sivyo, na aliyelionyesha jambo hili alipima papa hapa kwetu. Mwaka 1908 mtaalamu wa Kijerumani Arthur Berson alikuja Afrika ya Mashariki na maputo yaliyobeba vipimo, akayarusha kando ya Ziwa Viktoria, na kuona kwamba huku hewa huendelea kupoa mpaka juu mno, kilomita 16 na zaidi, hata baridi ikazidi nyuzi 80 chini ya sifuri. Ulaya hewa huacha kupoa mapema, katika kilomita 11 hivi. Yaani sisi tulio karibu na Ikweta tuna ardhi ya joto, lakini juu ya vichwa vyetu tuna baridi kuipita ile iliyo juu ya Ulaya. Ila jeti za abiria haziifikii, hupita chini yake.

Kupima hewa si jambo geni katika njia hii ya zamani ya misafara. Burton na Speke walipofika Kaze, karibu na hapa tulipo, mwezi wa Novemba 1857, mizigo ya wapagazi wao ilikuwa na vipimajoto vya kutumia katika maji yanayochemka. Sababu yake ni hii: kadiri mtu apandavyo juu ya bahari hewa hupungua uzito, na maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100. Hapa Tabora huchemka karibu na nyuzi 96. (Akina mama wanaopika maharage wanalijua jambo hili, ingawa pengine hawakuambiwa sababu.) Kwa kusoma kipimajoto katika chungu cha maji msafiri aliweza kukadiria urefu wa nchi kutoka bahari.

Baadaye zikaja ndege zenyewe. Mwaka 1920 magazeti ya Uingereza yalijaa habari za mashindano ya kuruka toka Misri mpaka Rasi ya Tumaini Jema. Ndege mojawapo, aina ya Vickers Vimy, iliyotumwa na gazeti la The Times na kumchukua mtaalamu wa wanyama Chalmers Mitchell, ilifika Tabora. Tarehe 27 Februari 1920 ilianguka hapa hapa ilipojaribu kuruka tena, na safari yake ikaishia Unyamwezi. Miaka 32 tu baadaye, tarehe 2 Mei 1952, jeti ya kwanza duniani ya kuchukua abiria kwa ratiba, Comet ya shirika la BOAC, ilianza safari toka London kwenda Johannesburg. Moja ya hatua zake ilikuwa toka Entebbe hadi Livingstone. Chukua ramani, weka rula juu ya miji hiyo miwili, nawe utaona kwamba mstari wakatisha njia ya misafara karibu na Uvinza, kati ya Tabora na Ujiji. Comet iliweza kuruka karibu kilomita 12 juu. Ndege hizo ziliondolewa kazini mwaka 1954 baada ya ajali, lakini jeti nyingine zikafuata, na mpaka leo ndege nyingi za safari ndefu katika Afrika huenda toka kaskazini kwenda kusini au hurudi.

Jambo hilo la kaskazini na kusini latufaa sana katika kupima. Njia ya zamani ya kwenda Ujiji hutoka Tabora kuelekea magharibi, na barabara ya Urambo hivyo hivyo. Tepe nyingi basi huikatisha njia yetu kama herufi T. Hicho ndicho mpimaji akitakacho.

Vyombo ni vichache. Chukua kadibodi, ukate nusu duara, uandike digrii kama zilivyo katika kipimapembe. Katika upande ulionyooka gundisha mrija wa kalamu iliyokwisha wino, uwe darubini yako isiyo na kioo. Katikati ya upande huo funga uzi wenye nati au kijiwe. Ukichungulia utepe katika mrija, uzi utaning'inia na kukuonyesha pembe. Watu wawili wenye vyombo namna hii wasimame mbali mbali katika njia ya magharibi, tuseme kilomita 6 kwa mstari ulionyooka. Utepe ukipita utosini pa mmoja wao, mwenzake apime pembe ya utepe toka upeo wa macho, wakati huo huo na si baadaye, kwa maana upepo wa juu huusukuma. Wapashane habari kwa simu. Na kwa kuwa mwanafunzi haruhusiwi simu shuleni, hapo ndipo mwalimu anapopata kazi.

Mathalani pembe ni digrii 58 na nusu. Tanjenti ya pembe hiyo ni 1.63. Zidisha kwa kilomita 6, utapata kilomita 9.8. Huo ndio urefu wa utepe juu ya vichwa vyetu. Lakini sisi wenyewe tumesimama juu ya kiwanda cha kilomita 1.2, ukitaka urefu toka bahari, kama marubani wanavyohesabu, ongeza, utapata kilomita 11. Wengi husahau kujumlisha hiyo 1.2, kisha wakashangaa kwa nini majibu yao hayalingani na ya vitabu. Mkono ukitetemeka na pembe ikakosewa kwa digrii 1, jibu litakosewa kwa mita 400 hivi. Si vibaya kwa kadibodi na nati. Lakini kumbukeni kwamba mpaka wetu wa utepe ni mwembamba, kwa hiyo pimeni mara tatu na kuchukua wastani.

Aliye peke yake aweza kujaribu kwa masikio. Ndege ikiwa utosini, anza kuhesabu sekunde, uendelee mpaka sauti yake isikike kama yatoka utosini kwako. Sauti hupita katika hewa ya baridi polepole zaidi kuliko katika hewa ya joto. Kwa safari nzima ya kushuka tuchukue mita 325 kwa sekunde. Sekunde 30 ni karibu kilomita 9.8. Kwa wakati huo ndege imekwisha kwenda mbele kilomita 7 au 8, na ndiyo sababu watoto wengi huitafuta ndege pale sauti inapotoka wasiione.

Sasa upana. Shika rula sentimita 57 kutoka jichoni. Hapo sentimita 1 ya rula ni digrii 1 ya mbingu. Kwa utepe ulio utosini, kilomita 9.8 juu yetu, kila milimita ya rula ni mita 17. Utepe mchanga wa milimita 5 una upana wa mita 85 hivi, karibu sawa na upana wa mwezi mpevu kama tuuonavyo. Pima tena kila baada ya dakika 5. Ukifika sentimita 6, basi una kilomita 1. Andika pia umekaa muda gani kabla ya kutoweka, kwa sababu katika vipimo vyote hicho ndicho chenye maana kubwa, kama tutakavyoona.

Siku kavu nguo hukauka upesi kambani. Siku ya unyevu hukaa mpaka jioni. Hali kadhalika utepe. Hewa ya huko juu ikiwa kavu, barafu yake hurudi kuwa mvuke kwa dakika chache, na utepe hufa. Hewa ikiwa imekwisha kushiba mvuke, barafu haina pa kwenda. Tena huanza kuuvuta mvuke uliokuwamo hewani toka zamani, ikakua. Utepe wa saa moja waweza kuwa na barafu nyingi mno kuliko maji yote yaliyotoka katika injini. Kwa hiyo utepe mfupi na utepe mrefu hutupa habari za ukavu na unyevu wa mahali ambapo hatuwezi kufika. Wakati wa kiangazi, hewa ya juu ya kwetu ikiwa kavu, twatarajia tepe fupi. Masika twatarajia ndefu, ila mawingu ya mvua yatatuzuia tusizione nyingi.

Na mvua je? Ndege kubwa ya injini mbili huchoma kilo 5 au 6 za mafuta kwa kilomita. Mvuke wake ni kilo 7 hivi kwa kilomita, yaani ndoo moja ya lita 20 kwa kila kilomita 3. Ikiruka toka Tabora hadi Ujiji, kilomita zipatazo 350 kwa mstari ulionyooka, itatoa ndoo 120 hivi. Sasa chukua ekari moja ya shamba na mvua ya kawaida ya milimita 10: hiyo ni lita 40,000, au ndoo 2,000. Maji ya ndege ile, toka hapa mpaka ziwani, hayafikii hata sehemu moja ya kumi na tano ya manyunyu ya ekari moja. Na mvua zetu hazitoki huko juu. Hutoka katika mawingu makubwa yanayopanda toka chini, yakibeba unyevu ulioletwa na pepo toka baharini, toka msitu wa Kongo na toka maziwa yetu. Utepe hauna nguvu ya kuyaita wala kuyafukuza. Mvua ikichelewa Unyamwezi, sababu itafutwe katika pepo hizo na katika joto la bahari, na tukipenda kujilaumu wenyewe, tuanze na miti ya miombo tuliyoikata.

Habari ya dawa ni fupi zaidi. Ndege za kunyunyizia dawa ndege waharibifu, kwelea kwelea, ziko kweli hapa Tanzania. Lakini huruka chini sana, karibu na miti wanapolala, kwa sababu dawa ikimwagwa juu huchukuliwa na upepo. Mtu akimwaga dawa toka kilomita 11 hataweza kujua itaangukia mkoa gani.

Hata hivyo asiseme mtu kwamba utepe hauna kazi yo yote hewani. Unayo, na wataalamu wanaiona kuwa si ndogo. Wingu jembamba la barafu hufanya mambo mawili yanayopingana. Mchana hurudisha sehemu ya mwanga wa jua, na hivyo hupoza nchi. Lakini mchana na usiku pia huzuia joto la ardhi lisitoroke kwenda juu, kama blanketi. Usiku hakuna jua la kurudisha, basi blanketi hubaki peke yake. Ukijumlisha tepe zote za dunia na mawingu yatokanayo nazo, kuongeza joto hushinda kupoza.

Mwaka 2021 ulichapishwa uchunguzi wa wataalamu wa nchi nyingi juu ya hali ilivyokuwa mwaka 2018. Walikadiria kwamba tepe na mawingu yake ziliongeza joto la dunia kwa miliwati 57, yaani sehemu 57 za elfu moja ya wati, kwa kila mita ya mraba. Na hewa ukaa yote iliyotolewa na ndege tangu zianze kuruka, miliwati 34. Hesabu ya kwanza haina uhakika mkubwa: wenyewe walisema yaweza kuwa 17, yaweza kuwa 98. Mimi naona kwamba upana huo wa makadirio ndio wa kutazamwa kuliko ile 57 inayonukuliwa kila mahali. Na tofauti moja isisahauliwe. Tepe za leo zitakuwa zimekwisha kesho au kesho kutwa, lakini sehemu ya hewa ukaa iliyotoka leo itakuwako wakati wajukuu wetu wamekwisha kuwa wazee.

Iko hadithi inayopendwa sana ya Marekani. Baada ya mashambulio ya tarehe 11 Septemba 2001 ndege za abiria huko zilizuiwa kuruka kwa siku tatu. Watu watatu wa elimu ya hali ya hewa walilinganisha joto la mchana na la usiku katika siku hizo, wakaona tofauti yake imeongezeka kwa zaidi ya nyuzi 1, wakaandika mwaka 2002 kwamba sababu ni kukosekana kwa tepe. Wengine waliochunguza baadaye walionyesha kwamba siku zile zilikuwa kavu na zenye anga safi, na kwamba hali hiyo peke yake ingeweza kuleta tofauti ile. Siku tatu ni chache mno kwa jambo kubwa hivyo.

Lenye manufaa zaidi ni hili: si kila ndege ina lawama sawa. Uchunguzi mmoja wa anga ya Japani, uliotolewa mwaka 2020, ulikuta kwamba ndege 2 hivi tu katika kila 100 ndizo zilizoleta asilimia 80 ya joto la tepe zote. Ni zile zilizopita katika tabaka za hewa iliyoshiba mvuke. Tabaka hizo mara nyingi ni pana lakini si nene, hivyo ndege yaweza kupanda au kushuka kidogo na kuikwepa. Mwaka 2023 marubani wa shirika la American Airlines walijaribu hivyo katika safari 70, wakisaidiwa na utabiri uliotengenezwa pamoja na Google. Tepe zilipungua kwa asilimia 54, na mafuta yakaongezeka kwa asilimia 2 katika safari hizo zilizobadilishwa. Shida iko katika kuijua tabaka ya unyevu iko wapi kabla ya ndege kufika. Utabiri wa unyevu wa huko juu ni dhaifu, na dhaifu zaidi mahali palipopimwa kidogo.

Na huku kwetu pamepimwa kidogo. Nairobi, kilomita 600 hivi kutoka hapa, kituo cha Dagoretti kimerusha maputo ya vipimo kwa miaka mingi. Satelaiti za Meteosat hutazama Afrika nzima toka kilomita 36,000, na zile za kizazi kilichoanza kurushwa mwaka 2002 hupiga picha kila dakika 15. Lakini nukta moja ya picha zake nyingi ni kilomita 3 kila upande, hata mahali zinapoonekana vizuri kabisa. Utepe mchanga wa mita 85 hauonekani humo. Satelaiti huuona umekwisha kuwa mzee na mpana, na utepe uliokufa mchanga hauuoni kamwe. Mtu aliyesimama uwanjani Tabora na rula mkononi huviona vyote viwili.

Kwa hiyo wenye nia na waanzishe daftari. Kila siku, kwa saa ile ile, labda nusu saa kabla ya gwaride la jioni, ziandikwe ndege zote za juu zilizoonekana, pamoja na zile zisizokuwa na utepe. Hizo nyingi huziacha kwa kuziona hazina habari, kumbe ndizo zinazotuambia kwamba huko juu hapakuwa na baridi ya kutosha. Ziandikwe saa, upande ndege ilikotoka, utepe ulikaa dakika ngapi, upana wake kwa milimita za rula, na mawingu yaliyokuwako. Siku isiyo na ndege hata moja iandikwe sifuri. Ukurasa usiachwe mtupu, maana msomaji wa baadaye hatajua kama hapakuwa na ndege au mwandishi alikuwa mpirani. Madaftari ya muhula mmoja hayatasema mengi. Ya miaka mitatu, kiangazi na masika, yaweza kulinganishwa na picha za satelaiti za siku zile zile. Mpimaji asimame kivulini mwa mwembe au ukuta, jua likiwa limefichwa, na kamwe asichungulie kwa mrija upande lilipo jua.